Mwambie Mama Alete Mfuko Wote

Wagonjwa wangu wengi wazee sijawahi kuwaona. Wako Masasi, wako Kilwa, wako Same na Urambo. Wengine wako karibu tu, Tandika au Mbagala, ila magoti hayawafikishi Kariakoo. Ninayemwona ni mtoto wao, au mjukuu, au kijana wa bodaboda aliyetumwa, amesimama mbele ya meza yangu ya kioo na simu mkononi. Kwenye simu kuna picha ya boksi lililokwisha. "Dokta, nipe hizi za mama, za miezi miwili. Mzigo unaondoka leo."

Mimi ni mfamasia, na duka ninalolisimamia ni mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Watu wa mikoani huja Kariakoo kufuata vitenge, simu, vipuri na vyombo vya plastiki, na kabla hawajafunga marobota hupitia kwetu kununua dawa za wazazi. Dawa ya presha ya mama husafiri usiku kucha katikati ya jozi za viatu. Kwa miaka mingi niliamini nimetimiza wajibu wangu mradi dawa ni halisi, haijapita muda wake, na idadi imetimia. Cheti kipo, muhuri upo, basi. Aliyenibadilisha ni mama mmoja wa kusini, na hadi leo nikimkumbuka moyo unaniuma.

Mwanawe ana fremu ya mashuka Mtaa wa Kongo. Kila baada ya miezi miwili alikuja kuchukua amlodipini ya miligramu 10, dawa ya presha. Safari moja akaongeza furosemidi: miguu ya mama imevimba, huko nyumbani wamemwandikia dawa ya kukojoza. Nikampa. Safari iliyofuata mama alikuwa halali usiku, na kwenye cheti kukawa na diazepamu. Nikasoma cheti, nikaona saini, nikampa. Baada ya wiki kama tano kijana akaja kabla ya siku zake. Hakuwa na cheti. Alitaka dawa kali ya maumivu. Mama ameanguka saa nane usiku akienda chooni, choo chenyewe kiko ng'ambo ya ua, na nyonga imevunjika.

Jioni ile, mteja wa mwisho alipotoka, niligeuza risiti nikaandika nyuma yake dawa zote za yule mama kwa kufuata zilivyokuja. Amlodipini, hasa ikifika dozi ya 10, huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu. Uvimbe ule haumaanishi kwamba moyo au figo zimeshindwa kazi. Ni vijishipa vidogo vimetanuka na maji yanapenya nje yake. Ndiyo maana dawa ya kukojoza haiuondoi sawasawa, ila kukojoza inakojoza kweli. Aliyekuwa akiamka mara moja usiku, sasa akiimeza jioni anaamka mara nne. Anayeamka mara nne atalalamika kwamba halali, na anayelalamika kwamba halali atapewa ya usingizi. Diazepamu ikamlegeza misuli na kumyumbisha, huku furosemidi ikimshusha presha kila anaposimama ghafla. Halafu giza, kizingiti, na sakafu iliyolowa.

Ukikisoma kila cheti peke yake, huoni kosa kubwa. Mihuri ilikuwa ya vituo tofauti, na kila aliyeandika aliona shida moja kwa siku moja. Mtu pekee aliyezishika dawa zote tatu kwa mikono yake nilikuwa mimi, na sikuuliza hata swali moja.

Nawaambia hivyo wenzangu walioko nyuma ya meza za kioo. Mzee wa nchi hii hana daktari mmoja. Ana zahanati ya kijijini, ana hospitali ya wilaya, ana kliniki ya sukari, ana duka la dawa muhimu la jirani, ana binti aliyeko Dar. Vyeti vyake havikutani ofisini kwa mtu yeyote. Vinakutana dukani, juu ya kioo, kwa dakika tatu, huku nyuma ya mteja kuna foleni na nje mtu wa mkokoteni anapiga kelele apishwe. Kama hatukuangalia sisi katika dakika hizo tatu, hakuna atakayeangalia.

Kuna neno moja kwenye vyeti linalonikera. Penye nafasi ya umri, mara nyingi huandikwa "Mtu mzima", au herufi moja tu ya kumaanisha hivyo. Kijana wa miaka 28 anayeshusha magunia Gerezani ni mtu mzima, na bibi wa miaka 83 mwenye kilo 44 ni mtu mzima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali za serikali zimeweka madirisha ya wazee. Lakini mzee huyohuyo aliyepishwa kwenye foleni hutoka na cheti kilichoufuta uzee wake. Sasa cheti cha namna hiyo kikija, swali langu la kwanza ni: mama ana miaka mingapi? Wengi hawajui mwaka. Huniambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au kwamba Uhuru ulimkuta ameshaolewa. Inanitosha.

Inanitosha kwa sababu mwili wa umri ule una mambo yake. Figo huchuja taratibu zaidi, hata kama kipimo cha damu kinasomeka vizuri. Mzee aliyekonda ana misuli kidogo, na kile kipimo cha kreatinini hutegemea misuli. Maji ya mwili hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka. Diazepamu hupenda mafuta. Ikiingia kwa mzee hujificha humo na kutoka polepole kwa siku kadhaa, kwa hiyo kidonge cha leo kinakikuta cha jana na cha juzi bado viko kazini. Ubongo nao unakuwa mwepesi kulewa. Dozi ambayo ingemsinziza kijana kwa saa chache humfanya mzee aamke asubuhi hajui yuko chumba gani, na nyumba nzima ikasema: uzee huo. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina la ugonjwa wowote.

Watu walioumia na jambo hili kabla yetu waliandika orodha. Mwaka 1991 daktari wa wazee wa Marekani, Mark Beers, na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee waliokuwa wakitunzwa kwenye nyumba za wazee. Orodha hiyo sasa iko mikononi mwa Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani, na mwaka 2023 kilitoa toleo lililosasishwa. Ireland nako walitengeneza yao mwaka 2008, inayoitwa STOPP/START, na toleo lake la mwaka 2023 lina vigezo 190: 133 vya dawa za kufikiria kuziacha, na 57 vya dawa ambazo mzee alistahili kupewa na hakupewa. Ninaipenda zaidi ya Ireland kwa sababu ya hivyo 57. Nimeona wazee walionyimwa dawa ya presha kwa kuambiwa wameshakula chumvi ya kutosha, waachwe wapumzike. Hilo nalo ni kosa, tena kubwa, maana kiharusi hakimpumzishi mtu.

Orodha hizo hazikuandikwa kwa ajili ya kabati langu. Zimejaa dawa ambazo siziuzi, na vile vifuko visivyo na jina nitakavyovieleza hazivijui. Basi nilikaa siku kadhaa nikachambua zinazopita kwangu kila wiki, nikaziandika kwa kalamu nene na kubandika ndani ya mlango wa kabati: diazepamu, amitriptilini, Piriton, promethazini, glibenklamidi, indomethasini, diklofenaki. Vijana ninaofanya nao kazi wanajua kwamba zikitajwa hizo pamoja na umri wa miaka 60 kwenda juu, wananiita. Kuwemo kwenye karatasi ile hakumaanishi dawa ni marufuku. Amitriptilini kwa dozi ndogo imewapa usingizi watu ambao miguu yao iliwaka moto kwa sukari. Karatasi inasema: simama, uliza.

Piriton ndiyo inayowashangaza wengi, kwa sababu ni ya bei ndogo na kila nyumba inayo. Mzee mmoja jirani yetu, mwenye tezi dume, alipata mafua, akameza Piriton siku mbili. Siku ya tatu mkojo ulifunga kabisa, tumbo likajaa kama ngoma, akapelekwa hospitali kuwekewa mpira. Dawa hiyo hukausha pua, na kwa njia hiyohiyo hulegeza misuli ya kibofu inayosukuma mkojo. Kwa mwanamume mwenye tezi iliyobana, hiyo inatosha kufunga njia. Pia hukausha mdomo, hufunga choo na huchanganya akili. Hakuna cheti kilichohusika hapo. Alitumwa mjukuu na shilingi mia chache.

Lakini ukiniuliza dawa moja inayonitia hofu zaidi hapa Kariakoo, nitakujibu ni diklo. Mtaa huu wenyewe jina lake linatokana na wapagazi, wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kubeba hakujaisha. Wanaume waliobeba magunia tangu ujana, wanawake waliosimama kwenye meza za nyanya miaka arobaini, wote wana magoti na viuno. Diklofenaki inawapa nafuu ndani ya saa moja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mzee haamini kwamba kitu kilichomsaidia hivyo kinaweza kumdhuru. Humeza mwezi mzima, miezi sita. Inakwangua tumbo kimyakimya mpaka siku anapopata choo cheusi kama lami. Inazuia chumvi na maji visitoke mwilini, presha inapanda, daktari anaongeza dawa ya presha bila kujua. Na akiwa anatumia losatani ya presha pamoja na dawa ya kukojoza, diklo ni ya tatu kuibana figo kwa wakati mmoja: moja inapunguza maji, ya pili inalegeza mshipa unaotoka kwenye chujio la figo, ya tatu inakaza ule unaoingia. Figo ya kijana inaweza kuvumilia. Ya mzee aliyeharisha siku mbili au aliyeshinda juani bila maji inaweza kusimama.

Zaidi ya diklo ya boksi kuna vile vifuko. Wazee wamenionyesha vijikaratasi vya kaki vyenye vidonge vitatu vya rangi tatu, walivyouziwa mahali kwa ajili ya mgongo, visivyo na jina hata moja. "Hiki cheupe ndicho kinachofanya kazi." Siwezi kusema ni nini. Ninachoweza ni kumwomba asiviongeze juu ya vyake vyenye jina. Ninampa parasetamoli kwa kipimo, jeli ya kupaka kwenye goti, na simwachi aondoke hivihivi bila kitu, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli. Ukimnyima diklo bila kumpa mbadala, umemtuma duka la pili, na duka la pili liko hatua kumi.

Ramadhani moja alasiri, msichana aliingia mbio kutoka Mtaa wa Sikukuu. Bibi yake anatokwa na jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, anampiga kila anayemsogelea, na nyumbani wameshasema ni mashetani, mtu wa kusoma ameitwa. Nikamuuliza: bibi ana sukari? Ana. Anatumia nini? Akaonyesha kwa ncha ya kidole: "Vile vidogo." Nilichukua mashine ya kupimia nikatoka naye. Sukari ilikuwa 2.1. Tulimpa juisi, kisha chai ya sukari, akarudi taratibu akatuuliza tunalia nini. Vile vidogo ni glibenklamidi. Huilazimisha kongosho kumwaga insulini, mtu awe amekula au hajala, na kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu hukaa mwilini muda mrefu. Kwa hiyo sikuwaacha nyumbani. Niliwataka wampeleke hospitali wakamwangalie usiku kucha, kwani inaweza kumshusha tena juisi ikishaisha. Alitoka salama akiwa amebadilishiwa dawa. Ninajiuliza ni wazee wangapi wanaosomewa, au wanaoogopwa na majirani kuwa wamechanganyikiwa, ilhali kinachowasumbua ni kidonge.

Kuwapigia madaktari simu kulinitisha mwanzoni. Kuna aliyeniambia nikasomee udaktari kwanza ndipo nimpigie. Nikajifunza namna ya kusema. Simwambii daktari amekosea, kwa sababu mara nyingi hakukosea; hakuonyeshwa. Namwambia: "Daktari, shikamoo, nina mgonjwa wako mwenye miaka 78, pamoja na ulichomwandikia leo anatumia hizi mbili za kituo kingine, na wiki hii ameanguka." Nikishasema hayo nanyamaza. Wengi huomba niwasomee tena, kisha hubadilisha wenyewe. Nisipompata, naandika karatasi kwa herufi kubwa, mzee aende nayo.

Na simwambii mzee atupe dawa. Jambo hili nalirudia kwa vijana wangu kila mara. Mtu aliyemeza diazepamu miezi mingi akiikata ghafla anaweza kupata degedege. Atenololi ikikatwa kwa pupa moyo unaweza kuruka. Prednisoloni ya muda mrefu ikikatwa kwa siku moja inaweza kumuua mtu. Dawa huteremshwa ngazi kwa ngazi, na anayeshika mkono wakati wa kuteremka ni daktari.

Maswali yangu yamebaki machache, kwa sababu foleni haisubiri. Ana umri gani. Ameanguka mwaka huu. Nini kilianza baada ya dawa kuanza. Hili la tatu ndilo lililoniokoa mara nyingi zaidi: miguu ilivimba lini, kikohozi kilianza lini, usahaulifu ulianza lini, na kabla ya hapo aliongezewa kidonge gani? Mtoto asipojua, tunampigia mama palepale, namsalimia, namwomba ainuke akachukue mfuko wa dawa na kunisomea rangi. Wanaufurahia mno mchezo huo. "Kuna cha pinki, mwanangu, na cha njano kama kiini cha yai." Na kila safari namwambia mtoto: ukienda nyumbani sikukuu, rudi na picha za mfuko wote, au mwambie mama akija Dar aje nao, wenyewe, bila kupunguza kitu kwa aibu.

Yule mama wa kusini alikuja. Ilikuwa miezi tisa baada ya kuanguka, amepelekwa kliniki ya mifupa, na mwanawe akampitisha kwangu kabla ya kumpeleka kwake Mbagala. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, anatembelea fimbo ya chuma ya hospitali. Nikampa kiti ndani, upande wa wafanyakazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafungua mkoba wa ukili na kuumimina wote juu ya kioo.

Tulihesabu aina kumi na moja. Amlodipini ilikuwemo mara mbili, ya kampuni mbili, boksi moja la bluu na jingine jeupe, naye alikuwa akimeza vyote akidhani ni dawa mbili. Diazepamu ilikuwepo bado. Diklo ya jirani, nusu yake imeliwa. Vitamini zilizopita muda tangu mwaka juzi. Kifuko cha kaki chenye vidonge vya rangi mbili. Nikampigia daktari wake wa kliniki, na huyu alisikiliza mpaka mwisho. Kwa presha aliongeza losatani, amlodipini ikashuka hadi miligramu 5 kwa boksi moja tu, furosemidi akaisimamisha, na ya usingizi akapanga iteremshwe kwa wiki kadhaa, nusu kwanza, kisha robo. Kwa diklo alisema neno moja tu.

Nilimwambia mama kwamba ile ya usingizi na ile ya kukojoza alizichukua kwangu, na kwamba nilitakiwa kumpigia simu kabla ya kumtumia. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Ungepiga ningekwambia. Ile ya kukojoza mimi sikuipenda tangu siku ya kwanza."

Nikamwandikia karatasi kwa kalamu nene: dawa ipi asubuhi, ipi jioni, na ile robo iishe lini. Aliniomba nimsomee mara mbili. Kisha akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli yake, akakaza fundo kwa meno.